Wanalipa Madola Kuteseka Kwenye Milima Yetu, Sisi Tunabaki Kupunga Mikono



Masika yakikolea huku Rungwe, hupita kundi la wazungu wa baiskeli. Wamevaa kofia ngumu na kaptula za kubana, wamelowa chapachapa. Wanapandisha kutoka Uyole kwenda Isyonje, halafu wanaporomoka Kiwira, Tukuyu, hadi mpakani Kasumulu. Watoto wanapiga kelele, wenye maduka wanatoka kushangaa, bodaboda wanawasindikiza kwa utani. Baada ya muda barabara inarudi ilivyokuwa. Nimeliangalia jambo hili miaka kadhaa sasa, na swali langu ni moja tu: Rungwe inabaki na nini?

Kwa asiyewajua, ile ni Tour d'Afrique, safari ya baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town iliyoanza mwaka 2003 chini ya kampuni ya Toronto, Canada. Ni kilomita kama 12,000 kwa miezi minne. Huko katikati ya Tanzania njia yao imebadilika badilika, lakini lango la kutokea kwenda Malawi ni hili letu. Ada ya safari nzima inazidi dola 10,000, yaani milioni 24 kwenda juu kwa hela yetu. Na jamani, hawalipii raha! Usiku mwingi wanalala kwenye mahema. Wanacholipia ni mpangilio: lori la kubeba mizigo, mpishi, fundi, na mtu wa kutangulia kufunga utepe kwenye njia panda ili asipotee mtu. Jasho ni lao wenyewe.

Hapo ndipo penye somo. Kinachouzwa pale ni mlima, na mlima tunao sisi.

Wenzetu wameshalijua hilo zamani. Ufaransa, mashindano ya Tour de France yalipandishwa Tourmalet mwaka 1910 na Galibier mwaka 1911. Tangu hapo watu wa kawaida, makarani na walimu, wanakwenda kila kiangazi kujipima kwenye milima hiyo hiyo. Mwaka 2011 ikaanza Haute Route, siku saba kutoka Geneva hadi Nice kwa kupita milimani. Kule Alps utakuta vibao kando ya barabara vinavyomwambia mpanda baiskeli yuko mita ngapi juu na mteremko ni mkali kiasi gani. Galibier yenyewe ina mita 2,642. Kitulo yetu iko kwenye mita 2,600 hivi, tena ina maua ambayo watu wanayaita Bustani ya Mungu. Mimi kibao cha namna ile njia ya Isyonje sijakiona.

Msiseme Ulaya ni mbali. Tazameni Rwanda. Wana njia ya Congo Nile, kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, ambako mgeni anatembea au anaendesha baiskeli siku kadhaa huku akilala na kula vijijini. Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza Afrika. Vilima vyao havizidi vyetu. Wametuzidi kujipanga.

Sasa chukua ramani. Siku ya kwanza Mbeya hadi Tukuyu, kama kilomita 70. Siku ya pili unashuka kupitia Kikusya na Ipinda hadi Matema, Ziwa Nyasa, lililo chini ya mita 500. Siku ya tatu unapanda ulikotoka, na hapo ndipo mtu atamkumbuka mama yake. Siku ya nne Isyonje hadi Kitulo. Katikati una Daraja la Mungu, Ziwa Ngozi, mashamba ya chai ya Katumba. Kila kituo kinahitaji chakula, maji ya moto, mahali pa kulala na fundi anayejua gia. Hiyo ni hela inayoingia mfukoni kwa mama lishe, haipiti kwanza Dar.

Lakini tusijidanganye, kuna kikwazo kikubwa. Ile barabara inaua. Ni njia ya malori ya Malawi, magari ya mafuta na Hiace zinazokimbizana. Aprili 2015 Hiace ilitumbukia Mto Kiwira na tukazika watu wengi. Ukungu ukishuka Isyonje huoni mita 20 mbele. Breki zikifeli pale, mwenye baiskeli hana pa kukimbilia, awe mzungu wa dola 10,000 au kijana wa Kiwira anayesukuma mikungu ya ndizi kwenye karia.

Huyu wa pili ndiye hasa ninayemtetea. Mzungu anapita mara moja kwa mwaka, tena ana lori nyuma yake. Kijana wa ndizi yuko pale kila siku, hana kofia wala taa. Wapo watakaosema tuna shida ya dawa zahanati, baiskeli za kitalii za nini? Nawajibu: bega la barabara pana litakalomleta mgeni ndilo litakalomrudisha kijana wetu nyumbani mzima. Gharama moja, faida mbili.

Tatizo ni kwamba jambo hili halina mwenyewe. Barabara kuu ni ya TANROADS, za vijijini ni za TARURA, Kitulo ni ya TANAPA, na wilaya yenyewe ina halmashauri mbili, Rungwe na Busokelo. Kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Maoni yangu: halmashauri hizi mbili ziite kikao kimoja na hao wengine. Waanze na mabega ya barabara kwenye miteremko ya Isyonje na Kiwira, vibao vya urefu, na mafunzo kwa vijana kumi wa kuongoza wageni. Tusianze na semina hotelini, tafadhali.

Naomba kutoa hoja. Wadau wa Kyela, Makete na Mbeya mjini, ninyi mnaonaje?