Usugu ni wa Nani?

Ni mara ngapi, msomaji mpenzi, umemsikia mgonjwa akilalama kuwa mwili wake umeizoea dawa? Kauli hii imekita mizizi vinywani mwetu, ilhali ni potovu. Anayekuwa sugu si mwili bali ni kijidudu kinachousumbua. Ndiposa hata mtoto ambaye hajawahi kumeza kidonge anaweza kuambukizwa bakteria wasiosikia dawa.

Kosa hili lina gharama. Anayeuona usugu kuwa wa mwili wake huuchukulia kuwa shauri lake binafsi. Haoni jinsi dawa anayojinunulia kutibu mafua inavyomhusu jirani. Mfugaji naye huwatilia kuku dawa majini ili wasiugue, au huuza maziwa ya ng'ombe aliyedungwa sindano jana. Samadi na majitaka huingia mtoni, na maji yayo hayo hunyunyiziwa sukumawiki. Bakteria sugu hawatambui mpaka baina ya zizi, mto na wodi.

Hatukukosa kuonywa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alitahadharisha mnamo 1945 kwamba dozi hafifu ingevifanya vijidudu kuwa sugu. Hapa Kenya, vimelea vya malaria viliishinda klorokwini, ikaondolewa kama tiba ya kwanza mwaka wa 1998. Dawa iliyoirithi nayo ikabadilishwa katika sera ya 2004. Aidha, watafiti wanakadiria kuwa bakteria sugu waliwaua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka wa 2019.

Yamkini wapo watakaosema kuwa hili ni jukumu la madaktari na wataalamu wa mifugo. La hasha! Kenya ilizindua sera na mpango wa kitaifa kuhusu suala hili mwaka wa 2017, lakini mpango haumfai mfugaji asiyeuelewa. Sisi wanafunzi wa isimu na tafsiri tunasema "usugu wa dawa", kana kwamba dawa ndiyo sugu! Heri tuseme "usugu wa vijidudu dhidi ya dawa". Istilahi hii ni ndefu, naam, lakini inamtaja mhusika halisi. Tuipeleke redioni, sokoni na katika maduka ya dawa za mifugo.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba huu tumeudharau vya kutosha. Tuanze kuung'oa kwa kuutaja kwa jina lake.