Gari la Juu Halikufikishi Kabwe

Sumbawanga mjini, mtu akipata fedha za gari la maana, ubishi ni ule ule: achukue Harrier au aende kwa Mjerumani, BMW X3? Huyu anasifia spea za Toyota, yule anasifia nguvu na utulivu wa X3 barabarani. Watabishana mpaka jioni, lakini kuna jambo moja wote wanakubaliana, na ndilo ninalolipinga: kwamba lolote kati ya hayo mawili, kwa kuwa ni gari la juu, litateremka Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika, na kupanda salama.

Halitateremka kwa sababu hiyo. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika mita 770 hivi. Mita elfu moja hizo unazishuka kwa breki na gia, unazipanda kwa tairi. Uvungu wa Harrier ni kama sentimita 19, wa X3 kama 20. Uvungu huo unakuvusha jiwe. Kwenye utelezi haukusaidii kitu, na kwenye kona gari refu ndilo linaloyumba zaidi.

Januari moja nilikuwa abiria kwenye gari la juu la rafiki yangu, tukitoka Kabwe na ndoo ya migebuka nyuma. Aina ya gari siitaji, maana kosa halikuwa lake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye mwinuko wenye udongo mwekundu tairi za mbele zikaanza kuzunguka pale pale, zikirusha tope hadi viooni, na za nyuma zimetulia tuli. Mwenzangu alipigwa na butwaa. Miaka miwili aliamini gari lake linavuta kwa magurudumu yote manne. Hakuna aliyemwambia hivyo. Aliliona refu, akaamini. Niliinama nikafuta tope ubavuni mwa tairi, nikasoma tarakimu nne: 2914. Wiki ya 29 ya mwaka 2014. Kashata bado zilikuwepo, lakini mpira umekauka, mgumu kama ukucha. Tukiwa tunaokota mawe ya kuweka chini ya tairi, Probox iliyojaa abiria ikatupita ikipanda taratibu, uvungu wake chini kuliko wetu, tairi zake mpya.

Basi anayetaka Harrier afungue boneti asome kibao cha chesesi kabla ya kusifia umbo. Katika zile za kuanzia 2003 zenye injini ya lita 2.4, ACU30 inavuta mbele tu, ACU35 inavuta kote. Katika zile za kuanzia 2013 zenye injini ya lita 2.0, ni ZSU60 na ZSU65. Tarakimu moja tu, na wauzaji wengi hawaitaji.

Anayetaka X3 naye afungue buti. Nyingi za kizazi cha pili, kilichoanza 2010, hazina tairi la akiba. Zina tairi zinazoweza kutembea bila upepo kilomita 80 hivi, kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Kutoka Kabwe hadi Sumbawanga ni mbali kuliko hapo, na jiwe likichana ubavu, hata hizo 80 huzipati. Kwa upande wa kushuka, X3 ina kitufe kinachoshikilia mwendo mteremkoni chenyewe. Nimekutana na wenye X3 ambao hawajawahi kukibonyeza.

Kwangu mimi, Harrier inayovuta kote ndiyo ya Kabwe, kwa sababu ya tairi la akiba na spea. Lakini ikishushwa kwenye nyutro ili kubana mafuta, itaua watu kama gari jingine lolote. Breki zikishikwa mfululizo zinachemka, na mafuta ya breki ya siku nyingi, yaliyokwisha kunywa unyevu, yanatoa mvuke. Pedali inazama hadi sakafuni. Shuka kwa gia nzito, injini ikushikilie. Abiria wako wana watoto mapajani.

Rafiki yangu alinunua tairi nne mpya na kubadilisha mafuta ya breki. Gari ni lile lile, linavuta mbele tu. Machi, siku ambayo mvua ilikuwa imekatika asubuhi, tulipanda mwinuko ule ule polepole, hatukuteremka kuokota hata jiwe moja.