WAGENI WA WIKI MBILI, MADENI YA MIEZI SITA! Vijikanisa vya Nyakato amkeni jamani

Wadau wa Rock City, hii movie mnaijua. Ikifika Juni mpaka Agosti, kosta inatoka airport imejaa Wazungu wenye tisheti za kufanana, inapita Buzuruga, inakata kona huko ndani Nyakato kwenye vumbi, inasimama mbele ya kijikanisa cha waumini hamsini. Vigelegele, kwaya, watoto wanarukaruka. Jioni kosta inawarudisha hotelini Capri Point. Wiki ya pili ikiisha, haooo Serengeti.

Watu wanadhani wageni ndio wanaleta hela. Kha! Kabla hawajatua, kamati ya mapokezi imeshakaa vikao vitano. Kila mama anapangiwa lake: kuku, mchele, kreti ya soda, kitenge cha sare. Mama anayeuza dagaa Nyakato Sokoni anaenda kukopa VICOBA ili "asiliaibishe kanisa". Sato mkubwa anakaangwa, mgeni anamega vipande viwili, anashika tumbo, anarudi kwenye maji yake ya chupa. Deni linabaki kwa mama, na riba juu.

Na baadhi ya wachungaji (wanajijua) ndio madairekta wenyewe. Watoto waliokuja na viatu vyao safi vya Jumapili wanaambiwa wavue, eti picha itoke vizuri. Wageni wanapitishwa upande wa nyuma ambao ukuta haujapigwa plasta, mbele kulikopendeza hawaonyeshwi. Yaani mzazi kafua soksi usiku, kapiga pasi, halafu anakuja kumuona mwanae Insta yuko peku, chini yake Kiingereza kirefuuu kinasema mtoto hana kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Nani alimuomba huyo mama ruhusa?

Halafu kuna hii ya kupaka rangi. Viza tu ya Mmarekani ni dola 100, nauli ya ndege ni zaidi ya dola elfu moja, mtu anavuka bahari kuja kushika brashi siku tatu, rangi inachuruzika mpaka sakafuni. Fundi rangi anayesali kanisa hilohilo, ambaye hana kazi wiki nzima, anapewa kubeba ndoo. Kosta ikiondoka ndio anaitwa arekebishe. Bure. Eti anamtumikia Mungu.

Wapo watakaosema bila wamisionari kusingekuwa na shule wala hospitali. Sawa. Alexander Mackay, injinia wa Kiskoti, alikaa huku zaidi ya miaka kumi, akajifunza lugha, akachapa vitabu kwa mikono yake, na mwaka 1890 homa ikamuua Usambiro, kusini mwa ziwa hilihili. Bugando ilifunguliwa 1971 na mpaka leo Kanda ya Ziwa nzima inakimbilia pale. Unawawekaje hao kapu moja na mtu ambaye hata jina la mtaa aliosali hawezi kulitamka?

Na wageni wenyewe wengi wao wala hawana roho mbaya. Hawajui kuku alikopewa, hakuna aliyewaambia, na mkalimani hawezi kutafsiri kisichosemwa. Tena huko kwao walishajicheka zamani: 2016 Insta ilikuwa na akaunti ya Barbie Savior, mdoli anayekuja Afrika "kuokoa" watu huku anapiga selfi na watoto asiowajua. Utani mtupu, lakini uliwachoma wengi. Kwa hiyo kwao hilo wanalijua. Anayejifanya haoni yuko hapahapa Nyakato, kashika maiki.

Hebu fikiria kamati ya harusi. Ikila michango bila kusoma mapato na matumizi, patachimbika, mtu atatolewa kwenye grupu la WhatsApp siku hiyohiyo. Lakini bahasha ya mgeni ikiingia mfukoni kwa mchungaji, kanisa zima linaitikia amina. Jumapili ijayo, kabla sadaka haijapita, asimame hata muumini mmoja tu aulize: baba mchungaji, ile bahasha ilikuwa na shilingi ngapi, na kuku wa mama muuza dagaa analipwa lini?