Mvinyo wa Dodoma: Kwa nini chupa mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana

Nunua chupa mbili za mvinyo mwekundu wa Dodoma, mtengenezaji yuleyule, mwaka uleule. Moja inaweza kuwa nyepesi, nyingine nzito na imekolea. Siyo lazima kuna mtu kachakachua. Huenda zabibu zilivunwa misimu miwili tofauti.

Kwa familia inayolima zabibu na kusindika mvinyo yenyewe, tofauti hiyo inaweza kuamua faida au hasara ya mwaka mzima.

Msimu unaanza na mkasi

Ufaransa na Afrika Kusini, mzabibu hulala wakati wa baridi na huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza. Mkulima akipogolea, mzabibu unachipua upya, na baada ya takriban miezi minne zabibu ziko tayari. Ndiyo maana huko kuna mavuno mawili: Februari hadi Machi, na Agosti hadi Septemba.

Mvua inatoa na inachukua

Mavuno ya kwanza yanaangukia msimu wa mvua. Maji yapo bure, lakini unyevu unaleta magonjwa ya ukungu na gharama ya dawa inapanda. Mvua kubwa ikinyesha karibu na kuvuna, punje zinavimba, nyingine zinapasuka na kuoza. Sukari nayo inazimuliwa.

Mavuno ya pili hukua kiangazi. Jua ni la kutosha, magonjwa yanapungua, na usiku wa Juni na Julai una ubaridi unaosaidia zabibu kubaki na uchachu wake. Shida ni maji. Asiye na kisima au mfereji wa umwagiliaji, msimu huu unampita.

Hesabu ya sukari

Hamira hula sukari ya zabibu na kutoa kilevi. Kwa kawaida, takriban gramu 17 za sukari katika lita moja ya mchuzi wa zabibu hutoa asilimia 1 ya kilevi. Mchuzi wenye gramu 200 kwa lita unafika karibu asilimia 12. Wenye gramu 160 unaishia kati ya 9 na 10, na mvinyo wa namna hiyo huharibika kirahisi zaidi.

Kwa hiyo wiki moja tu ya kusubiri zabibu ziive inaweza kubadilisha chupa nzima. Lakini kusubiri kuna gharama: ndege wanakula, wezi wapo, ada za shule zinadaiwa. Na mnunuzi wa zabibu akilipa kwa kilo bila kupima sukari, mkulima hana sababu ya kuvumilia.

Tangi ndilo linaloamua

Zabibu zikishavunwa hazisubiri, hasa kwenye joto. Familia yenye matangi ya kutosha inaweza kutenga mvinyo wa mvua na wa kiangazi, ikauza mwepesi mapema na kuutunza mzito. Yenye tangi moja inachanganya vyote, au inauza mchuzi kwa kiwanda kikubwa wakati zabibu zimejaa sokoni na bei iko chini.

Serikali hutoza mvinyo wa zabibu za ndani ushuru mdogo kuliko ule wa nje. Nafuu hiyo inasaidia kwenye rafu ya duka, lakini haimjengei mtu tangi wala kumchimbia kisima. Mikopo ya vifaa hivyo viwili ingegusa ubora moja kwa moja.

Kuna hatua nyingine isiyohitaji mkopo: kuandika msimu wa mavuno kwenye lebo. Ulaya, mwaka pekee unamweleza mnywaji hali ya hewa iliyolea zabibu. Dodoma mwaka una misimu miwili, na anayelipia ule wa kiangazi ana haki ya kujua ndio anaokunywa.