Bukavu: Somo la tokeni halingoji umeme

Kuna vijana wanaosomea informatike hapa Bukavu ambao wanalipa minervali, wananunua silabusi, na mwisho wa mwaka hawawezi kueleza kompyuta inasomaje mstari mmoja wa programu. Wakiulizwa walimu, jibu ni lile lile: umeme hakuna, mashine hazitoshi. Kwa somo la tokeni, hicho ni kisingizio.

Tuchukue mstari huu: bei = 250 + kodi1. Kabla ya kuhesabu chochote, kompyuta inaukata vipande: jina, alama, namba, alama, jina. Vipande hivyo ndivyo tokeni. Vinatambuliwa kwa rejeksi, yaani kanuni fupi zinazoeleza umbo la maandishi. [0-9]+ maana yake ni tarakimu moja au zaidi. [a-z][a-z0-9]* maana yake ni herufi moja kwanza, kisha herufi au tarakimu zozote, hata kama hakuna nyingine. Ndiyo sababu kodi1 ni jina moja, lakini 1kodi inakatwa mara mbili: namba 1, kisha jina kodi.

Hapo jenereta ni ya nini? Stephen Kleene, mwanahisabati wa Marekani, alichapisha msingi wa kanuni hizi mwaka 1956, nao ulikuwa hesabu tupu. Ni mwaka 1968 ndipo Ken Thompson alipochapisha namna ya kuzitumia kutafuta maandishi ndani ya kompyuta.

Anayekariri silabusi hajui kwa nini kanuni ya == inatangulia ile ya =. Akizigeuza, kompyuta inaona = mbili, na ulinganisho unapotea. Hajui pia mpaka wa rejeksi: zinatambua kila bano, lakini mabano yakiingia ndani ya mabano bila kikomo, rejeksi za kawaida haziwezi kuhakikisha kwamba yote yamefungwa. Hiyo ni kazi ya hatua inayofuata. Anayejua anaacha mapema. Anayekariri anapoteza wiki nzima.

Kweli, mazoezi ya mashine ni ya lazima. Lakini aliyekwisha kukata mistari kumi kwa kalamu, umeme ukirudi hata saa moja, anaitumia kuhakikisha kazi yake. Mwenzake anaitumia kunakili.

Basi wazazi, kabla ya kulipa tena, mwombeni mtoto akate mstari mmoja kwenye daftari na kueleza kila kipande. Akishindwa, muulizeni mwalimu wake. Msiulize umeme.