Wanafunzi wa Katavi na Ovadrafti: Kiwango Kiongezwe au Riba Iachwe?



Kila vyuo vinapofunguliwa, kati ya Oktoba na Novemba, hutufikia maswali yanayofanana kutoka kwa vijana wa Mpanda, Mlele, Nsimbo, Mpimbwe na Tanganyika. Mwanafunzi anaeleza kwamba bumu limechelewa na mwenye nyumba anadai kodi. Laini yake ya simu inamruhusu kutumia fedha zaidi ya salio, yaani ovadrafti, lakini kiwango alichopewa hakitoshi hata chakula cha wiki moja. Ameomba kiongezwe, imeshindikana. Anauliza afanye nini ili apewe zaidi.

Tumeona tulijibu kwa upana, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili. La kwanza ni la uchumi: kwa nini hapewi? La pili ni la dini, nalo wengi hulisahau: je, hicho anachotaka kiongezwe ni halali?

Kwa nini kiwango ni kidogo

Benki hutoa ovadrafti kwa kutazama fedha zinazoingia kila mwezi. Mtumishi wa halmashauri hupewa kwa sababu mshahara wake unapita hapo hapo. Akaunti ya mwanachuo imewekwa zaidi kupokea fedha za Bodi ya Mikopo na ada kutoka nyumbani. Haina mshahara wa kuikinga. Mikopo ya elimu ya benki nayo humlenga zaidi mzazi mwenye hati ya mshahara. Mkulima wa mpunga wa Mpimbwe au wa tumbaku wa Mishamo hana hati hiyo, hata kama ghala lake limejaa.

Inabaki simu. Huduma kama Songesha ya M-Pesa hapa Tanzania, na Fuliza iliyozinduliwa Kenya Januari 2019, humalizia muamala pale salio linapopungua. Kiwango hupangwa na mfumo wa kompyuta kwa kuangalia mzunguko wa fedha katika laini na namna mtu anavyorejesha. Mwanafunzi ambaye fedha zake huingia mara chache kwa muhula, kisha zikatoka siku hiyo hiyo, mfumo humwona kuwa mtu wa kipato kidogo. Akijaribu kuzungusha fedha na wenzake ili laini ionekane hai, huongezewa kidogo, na deni huongezeka pamoja nacho.

Akikwama hapo, huangukia kwenye programu za mikopo ya mtandaoni, zile ambazo wananchi wameziita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Vijana wetu wanajua yaliyokuwa yakifanyika huko: muda mfupi wa kulipa, makato makubwa, na ujumbe wa kumfedhehesha mkopaji unaotumwa kwa watu walio kwenye simu yake.

Kalenda ya shamba na kalenda ya chuo

Kwa mwanafunzi wa Katavi kuna tatizo la ziada. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Fedha za mzazi mkulima hupatikana baada ya mavuno, katikati ya mwaka. Vyuo hufunguliwa wakati ule ule anapotakiwa kununua mbegu na mbolea. Kwa hiyo kijana anaondoka Mpanda kwa treni au basi, kwenda Dodoma, Morogoro au Dar es Salaam, nyumba ikiwa haina fedha taslimu. Hata anayesoma karibu, katika Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine kule Kibaoni, anakutana na kalenda hiyo hiyo.

Maana yake ni kwamba familia nyingi hizi si kwamba hazina kitu kabisa. Zina kitu, ila hakipo kwa wakati. Pengo la miezi michache ndilo linalozibwa na ovadrafti.

Hukmu yake

Allah Ta'ala katika Suratul Baqara, aya ya 275, amehalalisha biashara na kuharamisha riba. Katika Hadithi ya Jabir (R.A.) iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kula riba, mwenye kuilisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema hao ni sawa. Kwa hiyo hoja ya baadhi ya vijana kwamba "sisi hatuli riba, tunalipa tu" haiwatoi.

Wengine husema makato ya simu ni ada ya huduma, si riba. Hapa tupambanue. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, liliamua huko Jeddah Desemba 1985 kwamba ziada yoyote juu ya deni, iwe imeshurutishwa tangu mwanzo au imetozwa kwa kuchelewa, ni riba. Katika kikao cha Amman, Oktoba 1986, likaruhusu ada ya huduma kwenye mkopo kwa sharti kwamba iwe ni gharama halisi ya kazi iliyofanyika, na chochote kinachozidi hapo ni riba.

Kipimo basi kiko wazi. Kama makato yanaongezeka kadiri siku zinavyopita au kadiri kiasi kinavyokuwa kikubwa, hiyo si gharama ya kazi. Kazi ya kukamilisha muamala ilifanyika mara moja tu. Tuchukue mfano wa hesabu: mtu amekopa shilingi 20,000, anakatwa 200 kila siku. Baada ya siku 15 amelipa 3,000 juu ya deni, yaani asilimia 15 ndani ya nusu mwezi. Jina lolote utakaloipa, huko ni kuuza muda.

Kwa msingi huo, kuomba kiwango kikubwa zaidi cha ovadrafti yenye makato ya namna hii ni kuomba riba kubwa zaidi. Dharura ina hukmu yake, lakini dharura ni ile ya kuhofia nafsi au madhara makubwa, tena baada ya kukosa njia ya halali, na kwa kadiri ya haja. Vocha, nguo na sherehe za mahafali haziingii humo.

Aliyekwisha kuchukua asikate tamaa. Atubie, asichukue tena, na alipe rasilimali ya watu, kwani kudhulumu mali ya mkopeshaji nako ni haramu. Akimbilie kulipa mapema ili makato yasiendelee.

Je, mkopo wa Bodi ya Mikopo?

Tunaulizwa pia kama ovadrafti na mkopo wa HESLB ni kitu kimoja. Si kimoja. Bodi hiyo iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004. Kwa miaka mingi mkopo wake ulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, ambayo ilikuwa ziada ya wazi juu ya deni. Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa. Makato ya asilimia 15 ya mshahara wa mhitimu ni namna ya kulipa deni lenyewe kwa mafungu, si ziada. Inabaki ada ya uendeshaji ya asilimia 1, nayo ipimwe kwa kipimo kile cha Amman.

Tulichojifunza hapo ni kwamba sheria za fedha si Qur'ani. Zikijadiliwa hubadilika. Waislamu wa Uingereza wanafunzwa na jambo hilo hilo kwa upande wa pili: benki za huko huwapa wanafunzi ovadrafti isiyo na riba wakati wa masomo, ingawa riba huweza kuanza baada ya kuhitimu, lakini mkopo wa serikali wa ada una riba. Sheria ya mwaka 2017 ilifungua mlango wa mkopo mbadala usio na riba, na miaka mingi ikapita vijana wakiusubiri. Kwa hiyo kudai peke yake hakutoshi. Lazima tuwe na chetu wakati tunadai.

Nini kifanyike Katavi

Kwanza, zakat ya mazao. Nisabu ya nafaka ni wasq tano, takriban kilo 653. Mahindi na mpunga unaonyweshwa na mvua hutolewa sehemu moja ya kumi. Aliyevuna magunia 30 ya kilo 100 anadaiwa magunia matatu. Ni wakulima wangapi wa Kiislamu katika mkoa huu hutoa zakat hii? Aya ya 60 ya Suratut Tawba imewataja mafakiri, masikini na wenye madeni, na mwanafunzi aliyefikia hali hizo anastahiki. Huyu apewe, asikopeshwe, maana zakat ni haki yake.

Pili, mfuko wa qardh hasan, yaani mkopo mwema usio na ziada, kutokana na sadaka na michango. Familia 40 zikitoa shilingi 5,000 kila mwezi, kwa miezi 10 zinapata milioni mbili, zinazotosha kukopesha wanafunzi 20 shilingi 100,000 kila mmoja. Warejeshe bumu likiingia au mavuno yakiuzwa, zikopeshwe wengine. Deni liandikwe na lishuhudiwe, kama aya ya 282 ya Suratul Baqara inavyoelekeza, na mwenye dhiki apewe muda, kama aya ya 280 inavyotaka. Mifuko mingi hufa kwa kukosa maandishi na kwa kuoneana haya.

Tatu, benki. Amana Bank ilifunguliwa mwaka 2011, na mwaka 2021 CRDB ilianzisha huduma ya Al Barakah. Masheikh na wazee wa Mpanda waziombe benki za namna hii kwa barua rasmi akaunti ya mwanachuo yenye ovadrafti ndogo isiyo na ziada, itakayorejeshwa bumu linapoingia.

Nne, mzazi. Baada ya kuuza mazao mwezi wa Julai, tenga fungu la mwanao la Novemba kabla hujanunua bati au pikipiki. Pengo lile tulilolitaja huanza kuzibwa hapo.

Tunamuomba Allah awatosheleze vijana wetu kwa halali Yake dhidi ya haramu Yake, na aturuzuku viongozi na matajiri wenye huruma nao. Wallahu a'lam.