Ombi kwa Audacity: Tupeni Njia ya Kurekodi Upya Mazungumzo

Leo naweka kando habari za hifadhidata na kurasa za wavuti. Nataka tuongee habari za sauti, hasa sauti za filamu zinazopigwa huku kwetu Eastlands.

Chukua kamera, nenda ukasimame kando ya Jogoo Road, au ingia Umoja ama Kayole, kisha ujaribu kurekodi watu wawili wakizungumza kwa sauti ya chini. Matatu zinapiga honi na muziki kwa pamoja, makanga anaita abiria, fundi anakata vyuma, spika ya kanisa haijazimwa. Maiki haichagui cha kusikia. Picha itatoka safi kabisa, lakini mwigizaji mkuu atakuwa ni matatu.

Dawa ya ugonjwa huu ipo tangu zamani: kurekodi mazungumzo upya, kazi ambayo wenye tasnia huiita ADR. Enzi za utepe wa filamu, kipande kiliungwa kichwa kwa mkia kikawa kitanzi kinachozunguka, na mwigizaji akarudia maneno yake mpaka yalingane na midomo. Siku hizi ni tarakilishi tu. Mwigizaji anakaa chumba kimya, anaona kipande chake kwenye skrini, anasikia milio mitatu mifupi, pii, pii, pii, na pale ambapo mlio wa nne ungelia ndipo anapoanza kusema. Hakuna anayepunga mkono wala kuhesabu kwa vidole.

Kwa nini usahihi wote huo? Video ya fremu 25 kwa sekunde ina milisekunde 40 kwa kila fremu. Pendekezo namba BT.1359 la shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linasema mtazamaji huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au ikichelewa kwa 125 hivi. Maana yake, ukitangulia kwa fremu 2 tu, mama aliyekaa sebuleni Donholm ambaye hajui lolote kuhusu fremu atasema, "hii filamu imeharibika."

Sasa tuje kwenye programu. Audacity ilitolewa mwaka 2000 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Ni programu huria, ni ya bure, na haihitaji mashine kubwa. Kwa vijana wengi wenye laptopu ya mitumba, huo ndio mlango wa kwanza wa kuingilia kazi ya sauti. Naipenda. Lakini katika matoleo yake ya 3, ukiifungulia faili la video inachukua sauti na kuiacha picha nje. Kwa hiyo kijana anafungua VLC pembeni, mkono mmoja unabonyeza video, mwingine unabonyeza kurekodi, halafu anakaa usiku mzima akivuta vipande kushoto na kulia. Tangu toleo la 2.3.0 la mwaka 2018 kuna njia ya kurudia sentensi iliyoharibika huku ukisikia sekunde 5 zilizotangulia. Hiyo inamfaa msoma vitabu. Anayetazama midomo bado hajasaidiwa.

Ombi langu ni la mambo manne tu:

1. Dirisha dogo la video linalotembea pamoja na sauti. Si la kuhariri picha, ni la kutazama tu.

2. Orodha ya sentensi za kurekodiwa upya: inapoanzia, inapoishia, nani anasema, anasema nini. Lebo za Audacity tayari zinashika muda na maandishi, kwa hiyo msingi upo.

3. Milio mitatu kabla ya kila sentensi, na programu irudie kipande yenyewe huku ikitunza kila jaribio kwa jina na namba.

4. Kipimo cha ucheleweshaji kinachojiendesha. Kwa kawaida Audacity husogeza nyuma ulichorekodi kwa milisekunde 130, mpaka upime na kubadilisha mwenyewe. Hizo ni zaidi ya fremu 3! Mashine yako ikihitaji kiasi tofauti, umeshapoteza midomo kabla mwigizaji hajafungua mdomo.

Najua utaniambia, "si kuna programu nyingine?" Zipo. Reaper inacheza video, na leseni yake ya chini ni dola 60, zaidi ya shilingi 7,000. Ardour nayo inaonyesha video. DaVinci Resolve ina toleo la bure, na vifaa vya ADR viliingia toleo la 15 mwaka 2018, lakini inataka kadi ya picha ambayo laptopu ya mitumba haina. Mimi nazungumzia kifaa ambacho watu tayari wanacho na tayari wanakijua.

Wengine watasema akili mnemba itamaliza kazi hii. Itasaidia, sikatai. Lakini Sheng ya Kayole inabadilika kabla mashine haijaisoma, na sauti ya mwigizaji ndiyo mali yake. Kumwita arudie sentensi 10 na kumlipa ni jambo moja. Kuikopi sauti yake asiwepo ni jambo lingine kabisa.

Na soko lipo. Mitaa hii imekua ikimsikiliza DJ Afro akisimulia filamu za mapigano, kama Tanzania walivyomsikiliza Lufufu. Hao huongea juu ya picha, hawabanwi na midomo. Lakini mwaka 2011 TBC ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Mau Doudou ikiongea Kiswahili, na tangu hapo uingizaji sauti umekuwa ajira. Vifaa vya kazi hiyo ni hivi hivi ninavyoviomba.

Tusingoje basi. Msimbo wa Audacity uko wazi GitHub, na maombi hupokelewa huko. Usiandike "ongezeni ADR" ukaondoka. Eleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, na useme ni wapi muda unapotea. Mwenye kujua Python aanze hata leo: Audacity ina moduli iitwayo mod-script-pipe inayokubali amri kutoka programu nyingine, na orodha ya sentensi pamoja na ile milio inaweza kujengwa juu yake bila kusubiri mtu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili kwa sababu kuna watu walikaa chini wakafanya kazi, hawakuishia kulalamika.

Mimi naanza na milio mitatu, ndiyo rahisi. Nani anachukua dirisha la video?